Mbuzi wa Bi Nyangeta

Usinibetulie midomo kabla sijaanza. Kama huamini, nenda kanunue unga kwa bei inayotangazwa redioni.

Mwaka wa tano wa vita, katika nchi ya rais wa maisha na redio moja, mkuu wa wilaya Rugumba alimwita Bi Nyangeta ofisini. Alimtaka mbuzi wake wa pekee, aliyekuwa akimpatia mjukuu wake maziwa. Joto lilikuwa kali, dirisha li wazi, na nje foleni ya unga imejipanga kimya.

"Jeshi linamhitaji, bibi."

"Unanitega, mheshimiwa. Redio inasema askari wetu wanakula na kusaza."

"Hawali wakashiba."

"Mimi mzalendo. Siamini uchochezi."

Rugumba alipandwa na hasira, akapiga meza na kufoka. "Wanatafuna majani, bibi. Hazina imekauka. Hata mimi mshahara sijauona tangu masika."

Foleni nzima ikageukia dirishani.

"Hapo nimeamini," alisema Bi Nyangeta, "na wale naona wameamini. Kinyozi uliyemfunga jela kwa uchochezi alisema tu sukari imeadimika. Haya, mbuzi nimlete saa ngapi?"

Rugumba alijifuta jasho. "Mbuzi gani, mama?"

Bi Nyangeta akatoka, akafunga mlango.