Kinu Kilichoombwa kwa Adabu

Mtaani Bel-Air palikuwa na kinu cha kusagia mahindi kilichonguruma kama simba mwenye jino bovu, hata kuku wa jirani wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kuvurugwa. Kinu kilikuwa cha Kambale, mfanyabiashara mpole kutoka Kivu. Jasho lilikuwa la wapagazi. Nao walitaka jambo moja: kinu kiwe chao wote, wagawane mapato kama walivyogawana bukari, ugali wao wa mchana, mikono yote katika beseni moja.

Msemaji wao alikuwa Mzee Godefroid, mtoto wa fundi wa reli, mwenye subira ya kumchosha kobe. Brigitte, aliyechekecha unga, alitaka wafunge geti siku ileile na kukishika kinu.

“Papa Godé, patron Kambale hawezi kutupatia kinu juu tumeomba. Ulishaona mamba anagawa meno?”

“Mama, tuanze na nyama ku bukari. Kesho tunaomba ingine. Pole pole atabakia na funguo tu, na funguo haisage.”

Kambale aliikubali nyama upesi mno. Ila nyama, alisema, haigawanyiki vizuri ndani ya beseni, akaleta sahani. Wapagazi wa zamani wakapewa paja, wapya shingo. Godefroid akaomba viti. Vikaja, vyenye mito kwa wakubwa wa zamu. Akaomba nafasi kwenye meza ya bosi. Akaipata, upande wenye feni. Hakunyimwa kitu, na kila jioni alirudi nyumbani hoi, kana kwamba amekibeba kinu chenyewe mgongoni.

Kisha Kambale akatangaza kwamba anakiuza kinu kwa mgeni, naye mgeni ana watu wake wa kazi.

Godefroid alisimama. “Leo tufunge geti. Bote.”

Waliokula mapaja wakainamia sahani zao. Fils, mmoja wa wapagazi wapya, akafuta mdomo.

“Benye mapaja bafunge kwanza. Siye ba shingo tutabafwata.”

Hakuna aliyeinuka. Brigitte alikwenda kulisukuma geti peke yake. Likamshinda, akarudi akipangusa mikono.

“Papa Godé, ni weye ulitufundisha kuomba. Basi omba.”

Mzee aliketi juu ya gunia tupu, akalitazama gari la mnunuzi likiingia. Miaka yote alidhani anamchonga Kambale, kumbe kila kipande kilibanduka kwenye umoja wao. Bandu bandu huisha gogo.