Tonge la Jemadari Bunthan

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeshiba akae nyuma, mwenye njaa asogee, maana hadithi hii ina wali.

Hapo zamani za kale, kwenye nchi ya mto mkubwa, palikuwa na Mkhmer, mtu mwenye asili ya Kambodia, aitwaye Bunthan, jemadari wa mfalme wa Wavietnam. Upanga alikuwa nao. Kofia ya heshima alikuwa nayo. Mtoto hakujaliwa, na hilo lilimuuma. Wakhmer wana siku kumi na tano za kulisha wafu: alfajiri huenda hekaluni kuwarushia marehemu wao matonge ya wali. Asiye na mtoto, nani atamrushia?

Mfalme akataka mfereji. Bunthan akapewa Wakhmer mia tatu, wakachimba. Chaku, chaku, chaku! Miezi mitano, chaku, chaku! Ikafika siku ya kumi na nne ya wafu. Asubuhi, kimya. Majembe yamelala, watu hawapo.

Msimamizi wa mfalme akasema, "Wameasi. Kesho adhuhuri ngoma ikilia mara tatu, nataka vichwa vyao."

"Hawakuasi. Wamekwenda kulisha wazazi wao. Nitawarudisha."

"Usipowarudisha?"

Bunthan akavua kofia, akaiweka miguuni pa msimamizi. "Chukua kichwa kinachoivaa hii."

Akauacha upanga, akapiga kasia kuupanda mto, kutwa kucha. Alfajiri akafika hekalu la kijijini kwao. Wachimbaji walipomwona wakashika mapanga. Bunthan aliogopa, wenzangu, jemadari naye ni mtu.

"Kwa nini hamkuniomba ruhusa?" akauliza.

Mmoja akamjibu, "Tulidhani umeshakuwa mtu wao."

Neno hilo lilimchoma. Mama yake mdogo, Bi Sarei, akapenya katikati ya mapanga, akamtia tonge mkononi.

"Mwanangu, miaka ishirini uko kwa mfalme. Nani amemlisha mama yako? Mimi, kwa jina lako. Leo mlishe mwenyewe."

Bunthan akarusha. Machozi yakamtoka mbele ya watu wake. Mapanga yakashuka.

"Sasa turudi," akasema. "Ngoma ya adhuhuri inadai kichwa changu."

Wakaingia mitumbwini, wakaushuka mto. Chubwi, chubwi! Jua likapanda. Chubwi, chubwi! Jua likafika utosini.

Ngoma ikalia, ndu! Wako kwenye kona ya mto. Ndu! Wanaruka matopeni. Msimamizi kashika upanga, Bunthan katangulia kupiga magoti mbele yake, shingo kainyoosha. Mtu wa mwisho akanyakua jembe lake.

Chaku!

Ndu!

Msimamizi akawahesabu, mia tatu kamili. Akaokota kofia, akaipangusa, akamrudishia mwenyewe.

Bunthan akazeeka, akafa bila mtoto. Bi Sarei alikuwa keshamtangulia. Siku za wafu zikafika, na hekalu likajaa alfajiri ile. Kila mchimbaji akarusha tonge la baba, la mama, kisha moja zaidi.

"La nani hilo?" mtawa akauliza.

"La jemadari."

Matonge mia tatu! Mtawa akacheka, "Marehemu huyu atavimbiwa."

Basi jueni: aliyeweka shingo yake rehani kwa ajili ya watu hafi na njaa. Hadithi yangu imeishia hapo. Tonge lililobaki sufuriani msilikombe, lina mwenyewe.