Vijiwe Vitatu vya Madoa

Paukwa!

"Pakawa..."

Nyie! Ugali mmemaliza, sauti mmeacha wapi? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Hapo kale, kale sana, Mama Kanga alitaga mayai kumi kichakani. Jirani yake alikuwa Kenge, mwingi wa salamu.

Kila asubuhi Mama Kanga aliyahesabu mayai kwa wimbo wa Mwalimu Kasuku. "Moja mbili tatu nne..." Anaimba macho juu, anamtazama mwewe. "...tisa kumi! Yametimia."

Binti yake, Madoa, wimbo ulimshinda. Akifika saba anarukia tisa. Yeye na mdako tu: anachimba kishimo, anajaza vijiwe, anarusha kimoja juu, anakomba, anarudisha, anabakiza kimoja nje. Kutwa.

"We mtoto!" Mama akafoka. "Wenzako wanajua namba, wewe unajua vumbi!"

Siku hiyo Kenge akala yai. Mama akaimba. "Kumi! Yametimia."

"Mama, mbona yamepungua?"

"Umehesabu?"

"Nimeona."

"Hebu nyamaza."

Siku ya pili Kenge akala jingine. Mama akaimba. "Kumi! Yametimia."

"Mama, yamepungua tena."

"Nitakuchapa!"

Siku ya tatu Kenge akala la tatu. Wimbo haukupungua hata namba moja. Mayai ndiyo yalipungua.

Madoa akaja na vijiwe vyake, akampa Mama. "Mama, imba. Kila namba nipe kijiwe, nikiweke kando ya yai. Ukimaliza, sichezi tena."

"Afadhali!" Mama akaimba kwa hasira, anampa kimoja kimoja. Alipofika saba, Madoa akaweka. Nane, akakishika. Tisa, akakishika. Kumi, akakishika.

"Mama, hivi vitatu niviweke wapi?"

Mama Kanga akainamisha macho kwa mara ya kwanza. Akaona mayai saba.

Kenge akapita. "Hamjambo, majirani?" Ganda la yai limemganda mdomoni. Walimdonoa, mama na mwana, mpaka akatumbukia mtoni.

Vifaranga saba wakaanguliwa. Mwalimu Kasuku akaja kulalamika: "Mama Kanga, wanao wanacheza tu!"

"Kaa chini, Mwalimu. Zamu yako kurusha."

Basi, mtoto akicheza, tazama kwanza anacheza nini. Namba zilizo mdomoni tu hazilindi kiota.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka akaoshe sufuria.