Upanga Wenye Mawimbi

Mkakasi ni kikopo cha mti kilichochongwa na kupakwa rangi hata mtu akadhani ndani mna lulu. Ukikifungua, ni mti tu. Wahenga walipokitungia methali hawakuwa wakiwasema maseremala. Walikuwa wakitusema sisi, hasa wale ambao midomo yao hufika mahali kabla ya miguu. Mmoja wao alikuwa fundi wa silaha kuukuu aliyeitwa Jicho, jina alilojipa mwenyewe.

Jicho na dada yake walirithi karakana ya baba yao, na pamoja nayo wakarithi mwiko. Upanga wa kale wa Kihindi hautolewi hukumu mpaka sehemu ndogo kama ukucha, karibu na mpini, isuguliwe iwe nyeupe, kisha ipakwe asidi. Upanga wa kweli una mawimbi ndani ya chuma chenyewe. Ukiyafuta, asidi huyarudisha. Wa bandia mawimbi yake yamechorwa juujuu, yakifutika, yamefutika.

"Huo ni mwiko wa wenye macho mabovu," Jicho alizoea kusema. "Mimi nikitupa jicho, chuma chenyewe kinaungama."

"Siku moja kitaungama kweli," dada yake alimjibu, "na utatamani kingenyamaza."

Basi akaja nesi mstaafu na panga mbili za marehemu baba yake. Upanga wa kwanza ulimetameta mawimbi kama ziwa lililopigwa na upepo. Wa pili ulikuwa umefubaa kama sufuria ya mgane. Makumbusho ya mji yalitaka mmoja tu, ulio wa kweli, uwekwe ukumbini na jina la huyo mzee.

"Mwanangu, nataka jina la baba likae mahali pa haki," nesi alisema.

Dada mtu alikuwa ametoka kununua mkaa. Jicho hakungoja. "Mama, huu wenye mawimbi ndio wenyewe. Huu mwingine hata kuku akiuona hashtuki."

Nesi akacheka. "Basi huo mwingine uchukue, uufanyie chochote."

Siku ileile Jicho akaukata kwa msumeno, na kipande kimoja akakifanya kisu cha kuning'iniza kiunoni. Dada yake aliporudi akamuuliza, "Umepima?"

"Nimepima," akajibu, macho makavu.

Siku upanga wenye mawimbi ulipozinduliwa makumbushoni, ukumbi ulifurika wanafunzi. Nesi aliketi mstari wa mbele, akiitazama kadi yenye jina la baba yake kana kwamba inaweza kuruka. Msimamizi wa makumbusho akasema, "Fundi, waonyeshe vijana jinsi upanga wa kweli unavyojulikana."

Jicho akatuna kama jogoo juu ya jaa. Akasugua karibu na mpini, akapaka asidi aliyoletewa na dada yake, akasubiri. Chuma kikageuka kijivu, kijivu kitupu, kama ubao uliofutwa.

"Bado, fundi?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Bado kidogo."

"Na sasa?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Jasho likamtiririka Jicho mpaka kwenye kola.

"Asidi imeharibika," akasema. "Dada ndiye aliyeichanganya."

Dada yake, aliyekuwa amesimama nyuma, akaja mbele. Akachomoa kisu kiunoni mwa kaka yake, akakisugua ubavuni, akakidondoshea asidi ileile. Mawimbi yakajitokeza taratibu, membamba, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Kicheko kikakatika.

"Asidi ni nzima," akasema. "Chuma hiki umekitoa wapi?"

Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze. Nesi alikuwa akikitazama kile kisu, na alikuwa ameshaelewa.

"Na sehemu iliyobaki iko wapi, mwanangu?" akauliza kwa upole. Upole ule ulimchoma Jicho kuliko matusi.

"Niliikata, mama. Imo kwenye pipa la vyuma chakavu, vipandevipande." Akamgeukia nesi. "Sikupima. Nilimdanganya dada, nikakudanganya na wewe, na sasa hivi nimemsingizia mbele ya watu."

Wanafunzi waliinamia viatu vyao, maana aibu ya mtu mzima huambukiza hata wasiohusika. Nesi akainuka, akaitoa kadi mwenyewe, akaitia mkobani. "Baba hakuwa mwongo," akasema. "Asikae chini ya uongo." Akaondoka, na dada mtu akamfuata akimshika mkono.

Jicho alibaki peke yake kando ya upanga, na upanga, bila haya, ukaendelea kumetameta. Wageni wapya waliingia, wakasimama, wakashangaa.

"Lo! Upanga mzuri huu! Ni wa kweli?"

"Ni wa bandia."

"Nani basi aliyesema ni wa kweli?"

"Mimi," akajibu, na akalirudia jibu hilo kwa kila aliyeuliza mpaka milango ilipofungwa. Kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.