Kadi ya Rangi Dirishani

Jumatatu, saa tatu asubuhi, mpiga picha mmoja alifungua studio yake na kumkuta mama mjane mlangoni, bahasha mkononi.

Ndugu zangu, sikilizeni kwanza kazi ya huyu bwana. Kamera huhifadhi picha ikiwa ghafi. Kompyuta ndiyo huipa rangi. Lakini kila kamera huona kivyake. Kwa hiyo fundi makini huipiga picha kadi yenye miraba ya rangi, kisha huifundisha kompyuta: wekundu wa kweli ndio huu, weusi wa kweli ndio huu. Kipimo hicho ndicho hurekebisha picha zote. Wenzake hawakujisumbua hivyo. Yeye alikitengeneza upya kila mwezi, hakukosa hata mmoja. Na kadi yake aliitundika dirishani, wapitao waione.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeirudisha picha uliyompiga mzee."

"Ina nini tena?"

"Huyu si mume wangu. Umemfanya mwekundu kama nyanya. Arobaini yake ni Jumamosi, na picha nzuri ni hii moja tu. Wajukuu wawili bado wachanga, hawatamkumbuka. Watamjua kwa hii."

Fundi alishusha pumzi. Mama alikuwa mteja wa nne kulalamika mwezi huo, na fundi alikuwa amechoka kueleza.

"Mama, mimi nimepima. Macho yako yamelia siku nyingi, hayaoni sawasawa."

Mama hakubishana. Alitoa mkobani shati la marehemu, lile lile alilovaa pichani, akalitandaza kando ya picha. Shati lilikuwa la kahawia. Pichani lilikuwa la rangi ya chungwa.

"Na shati nalo limelia?"

Fundi aliitazama picha, kisha shati. Akaenda kwenye droo, akatoa kadi ya akiba, bado imo kwenye karatasi yake. Alizinunua zote mbili siku moja, miaka mitatu nyuma. Akaishusha ile ya dirishani, akaziweka pamoja. Ya dirishani ilikuwa imepauka. Jua lilikuwa limeila kidogo kidogo, na kompyuta, kwa kudhani kamera ndiyo inayofifisha rangi, ilizidi kuzikoleza. Kila mwezi alipima kwa uaminifu, kwa kipimo kilichokufa.

Je, alikuwa mvivu? Hapana. Mwongo? Hapana. Basi tujiulize sisi. Ni wangapi tumewaambia kwamba macho yao ndiyo mabovu? Tunachowapimia watu tumekitundika wapi? Mimi ninayesema nanyi nimechoka kuwarekebisha watu, na sijaishusha kadi yangu kuitazama. Kinachotundikwa ili kionwe hupauka, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Picha ghafi ilikuwapo bado, haijaguswa. Fundi alipima upya, akaipa rangi upya.

Ijumaa, saa kumi jioni, mama alikuja kuichukua. Aliiweka kando ya shati, akaitazama kwa muda.

"Ndiye," akasema.