Kadi ya Watu Wawili

Mtoi, kapera wa chumba kimoja, alikunywa uji asubuhi, akala dagaa jioni, na shilingi yake haikutoka ovyo. Siku moja Mzee Lukindo, tajiri wa mtaa, akamletea kadi ya mchango wa harusi ya mwanawe mkubwa.

"Laki moja, kadi ya watu wawili."

"Mzee, niko peke yangu. Niandikie ya mmoja, elfu hamsini."

"Huna mke, huna mtoto, pesa unamtunzia nani? Toa, au nikutangaze kikaoni!"

"Haya. Na huyo wa pili nimlete nimtakaye?"

"Hata ukileta jini, nitampokea mlangoni mwenyewe!"

Mtoi akatoa.

Siku ya harusi, Mzee Lukindo alisimama mlangoni na mkewe, akipokea wageni. Mara akamwona Mtoi anashuka kwenye bajaji na Siwema, mwanamke ambaye Mzee alimpangishia nyumba kwa siri ng'ambo ya reli. Akawakimbilia kabla mkewe hajageuka.

"Mwanangu, shika laki yako! Na hii nyingine, huyu arudi kwake!"

Mtoi akampa Siwema ile nyingine, bajaji ikaondoka naye. Kisha akatoa mfukoni kopo la kubebea pilau ya kesho.

"Mzee," akauliza, "na yule mwanao mdogo anaoa lini?"