Saa Aliyoiunda Mashavu Pangoni

Wa nyuma sogeeni, wa mbele nyamazeni, hadithi inaingia.

Palikuwa na Mashavu, fundi saa, aliyekamatwa na zimwi akafungiwa pangoni. Zimwi hilo lilikuwa na mwiko: halimli mtu mpaka ifike saa aliyoitaja mtu mwenyewe.

"Unda saa, kisha uitaje," likamwambia. "Ikifika, nakula. Ikisimama kabla, nakula vilevile."

Mashavu akachonga jua la mbao, akafua mwezi wa shaba, akavipachika kwenye gurudumu moja, vizunguke.

"Jua likiukamata mwezi," akasema, "hapo unile, babu."

Zimwi likaketi, mgongo mlangoni, likakodoa macho.

"Limeukamata?"

"Bado, babu."

"Sasa je?"

"Bado."

"Mjukuu wangu, mbona mwezi una mbio hivyo?"

"Ungekuwa wewe, usingekimbia?"

Zimwi likacheka mpaka pango likatikisika.

Mashavu akangoja lisinzie apite. Halikusinzia. Lilitamani kuona jua likishinda, hata njaa likaisahau. Na jua lisingeshinda kamwe, kwa kuwa gurudumu ni moja. Hilo Mashavu alilipanga. Hakufikiria kwamba saa hutiwa ufunguo, na wa kuutia ni yeye.

Gurudumu likaanza kulegea. Zimwi likamgeukia.

"Tia ufunguo, mjukuu wangu. Limekaribia."

Mashavu akatia ufunguo. Mpaka leo anatia.

Mimi nimenyamaza. Nyinyi mlango wenu uko wazi, nendeni mkalale.